Kwenda kwa Dada, Mara Moja kwa Siku

Fundi cherehani alikaa saa tatu kwenye benchi la zahanati akisubiri kumwona daktari. Alipotoka na karatasi yake alikwenda nayo moja kwa moja kwenye dirisha la dawa. Mfamasia akaisoma. Akaisoma tena. Akamwita mwenzake naye akaisoma, kisha wote wawili wakageukia makopo ya rafuni ili wasimcheke mzee wa watu usoni.

"Hii hatuna, mzee," mfamasia akasema. "Hii iko kwenu."

Karatasi ilikuwa imeandikwa hivi: Kutembea kwa miguu hadi kwa dada, mara moja kwa siku, baada ya chakula cha mchana. Kwenda na kurudi. Dada atie saini. Si lazima kusalimiana

Kilichomponza ni mdomo wake mwenyewe. Daktari alimwambia sukari imepanda, presha imepanda, na tumbo nalo limekataa kubaki nyuma. Vidonge aendelee navyo, ila atembee. Fundi akajitetea kwamba yeye yuko mazoezini kutwa nzima, anakanyaga cherehani.

"Cherehani ya kukanyaga au ya umeme?"

"Ya umeme," fundi akakiri. "Lakini ina pedali."

Daktari, ambaye tumbo lake mwenyewe lilikuwa limeegemea meza kama mgonjwa anayefuata, akajikuna kidevu. "Nikikwambia utembee, utatembea?"

"Nitatembea, daktari."

"Mwongo. Wote mnasema hivyo. Hata mimi nilisema hivyo. Nani wako anakaa mwendo wa nusu saa kutoka kwako?"

"Hakuna. Labda dada yangu, na yule hatusemezani. Mwaka wa sita huu."

"Safi kabisa," daktari akasema, akavuta kalamu. "Mtu uliyemkasirikia unamwendea haraka."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa gauni. Dada yake mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alipostaafu, fundi alimshonea gauni la zambarau la kuagwa nalo. Mwalimu alipoinama kupokea zawadi kwa afisa elimu, mshono wa nyuma ukaachia kuanzia kiunoni kwenda chini, kwa mlio uliowafikia wapishi jikoni, na walimu wa wilaya nzima wakaijua rangi ya shimizi yake. Dada akasema fundi kaiba kitambaa. Fundi akasema dada kadanganya kiuno. Tangu hapo wakikutana msibani, mmoja alikaa mlangoni, mwingine dirishani. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mke wa fundi alikuwa amelima mpaka mpini umelika.

Mke huyo alipoisoma karatasi, alisema maneno mawili tu: "Vaa viatu."

Siku ya kwanza fundi alifika kwa dada yake shati limemganda mgongoni. Mwalimu alikuwa anafagia uwanja. Akasimama na ufagio wake.

"Nani kafa?"

"Hakuna."

"Basi unataka nini?"

Fundi akapitisha karatasi juu ya geti kwa ncha za vidole, kama anayemlisha mbwa asiyemwamini. Mwalimu akavaa miwani, akasoma. "Daktari wako hajui nukta inakaa wapi," akasema. Akachomoa kalamu nyekundu kwenye nywele zake, maana kustaafu alistaafu yeye, kalamu haikustaafu. Akaweka nukta panapostahili, akatia saini, kisha akageuza karatasi na kuandika nyuma: Amefika. Amechelewa. Anahema kama ng'ombe. 3/10.

Maji hakumpa.

"Tatu!" fundi alipiga kelele alipofika nyumbani. "Natembea kilomita mbili na nusu juani, ananipa tatu!"

Mke wake akamwambia kesho ajitahidi. Na kesho yake, mtu ambaye hajawahi kuwahi hata harusi yake mwenyewe alikuwa getini kwa dada saa nane kamili. Akapata nne. Wiki iliyofuata akapanda hadi tano: Ana bidii, ila anaburuta miguu. Usiku alijaribu kutembea ukumbini bila kuburuta, mke akamwambia aache kuwashtua panya.

Alhamisi moja jua lilikuwa kali, na ibilisi akamjia na pikipiki. Fundi akapanda, akashuka kona ya mwisho, akamalizia kwa miguu huku akihema kwa makusudi. Mwalimu akatoka, akampapasa mgongo.

"Mgongo mkavu."

"Leo kuna upepo."

"Upepo huo una magurudumu mangapi?" Akaandika: Mwongo. 0/10. Mzazi aje.

"Wazazi wetu wamekufa, dada," fundi akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada katika miaka sita. Mwalimu akakohoa. "Basi aje mkeo."

Mke akaenda. Wifi wawili wakajifungia ndani wakacheka mpaka jirani akazima redio asikie vizuri, na fundi akiwa nje, kakalia ndoo iliyopinduliwa.

Wiki ya sita alikuta geti limefungwa. Akagonga, akaita. Jirani akamwambia Mwalimu katoka muda si mrefu, kavaa raba na taulo shingoni. Mwanamke wa miaka sitini na sita, raba? Fundi akaona tayari, dada kachanganyikiwa, na lawama zote zitamwangukia yeye. Akarudi karibu anakimbia.

Dada yake alikuwa amekaa dukani kwa fundi kwenye kiti cha wateja, miguu kainyoosha, mkononi ana karatasi. Jana yake alikwenda zahanati kumsomesha daktari kuhusu nukta. Daktari akamsikiliza kwa adabu zote huku akimfunga kipimo cha presha, kisha akamwandikia: Kutembea hadi kwa mdogo wake. Mwalimu alipita njia ya kiwandani wakati fundi anapita ya sokoni, ndiyo maana hawakuonana.

"Tia saini," akasema.

Fundi alikuwa hajapata furaha kama ile tangu anunue cherehani ya umeme. Akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaandika: 2/10.

"Mbili!"

"Umekaa kwenye kiti. Wenzako tunasimama getini."

Mwalimu akamkazia macho yale ya darasani, halafu yakamshinda, akacheka mpaka taulo likaanguka. Alipojifuta machozi akasema, "Lile gauni. Nilikwambia kiuno arobaini."

"Kilikuwa arobaini na sita."

"Ulijua?"

"Nina macho, dada."

"Sasa mbona hukupima?"

Fundi akawa anakunja futi yake na kuikunjua. "Nani angekwambia wewe unyanyue mikono? Ulinichapa darasa la tatu."

"Basi ungeacha upindo mkubwa, ungetusaidia."

"Ningeacha," fundi akasema, sauti imeshuka. "Nilibana kitambaa. Kipande kilichobaki nilimtolea mke wangu kilemba."

"Mimi simo!" mke akapiga kelele kutoka chumba cha nyuma.

Mwalimu akasimama, akanyanyua mikono kama anayekamatwa na polisi. "Pima," akasema. "Na upime kweli."

Miezi mitatu baadaye wakaenda zahanati pamoja. Sukari ya fundi ilikuwa imeshuka, presha ya Mwalimu imeshuka. Daktari peke yake ndiye aliyeongezeka. Mwalimu akampapasa mgongo, akautingishia kichwa, na daktari akaahidi kwamba Jumatatu ataanza.

Walirudi kwa miguu, wakibishana njia nzima nani kapungua zaidi. Kwenye mlima wa karibu na duka la vipuri, Mwalimu akasimama ghafla, akaegemea ukuta.

"Umechoka?" fundi akauliza, naye akauegemea haraka kabla hajajibiwa.

"Nasoma tangazo."

Fundi akautazama ukuta. Ulikuwa mtupu, chokaa tu toka juu hadi chini.

"Linasemaje?"

"Refu," Mwalimu akasema, akihema. "Subiri nimalize."

Fundi akamshikia mkoba, akasubiri.