Jina la Buibui wa Bonaventure

...nikisema buibui watammaliza, nikisema Pterinochilus watammaliza vilevile, maana Bonaventure ameshasema, nimemsikia kule uani kabla kitako cha bunduki hakijamvunja meno, Pterinochilus murinus, jina lote zima, kama yuko mbele ya wanafunzi, mume wangu, mwalimu mjinga we, si ungesema buibui tu kama watu wote wa Baraka, sasa anakoroma damu na huyu mpiganaji wa mlangoni ananigeukia mimi na chupa ya buibui mkononi, "Mama, iko nini mu chupa? Bwana yako anaitaja jina ya siri, jina ya baadui, we unaiita jina gani?", mwanangu Riziki amelala mgongoni, Mungu wangu asiamke... nikisema buibui basi Bonaventure ni mwongo, tena mulozi, mchawi, nani mwingine anafuga buibui wa manyoya na kumtafutia panzi, bamama wa kisimani walinicheka, "Mama Riziki, muke mudogo amekula leo?", ndilo jina walilompa, muke mudogo, nikacheka nao, Bonaventure akakasirika, akasema majina ya kienyeji hubadilika, kule Ubwari hivi, kule Lubondja vile, la sayansi ni moja dunia nzima, nani atakosea... nani atakosea, msikie anavyokohoa, wanampiga tena, ule ni ubavu, nimeusikia ukivunjika, "Jibu, mama!", lakini huyu hapigi, ana chale mbichi shingoni, maji ya dawa bado yanamchuruzika kifuani, haingii hata ndani, kwa nini haingii, ah, dawa ya kuzuia risasi, mwanamke akimgusa tu imekufa, risasi zitamwingia kama mtu yeyote, Fizi nzima inajua na mimi nimesimama hapa natafuta jina, "Weka ile kitu chini! Usinikaribie, mama!", sauti yake imekuwa nyembamba, Bonaventure husema mtazame mnyama kwanza, kumwita baadaye, tazama miguu, tazama anachong'atia, kisha tafuta palipo laini, haya, miguu inarudi nyuma, kidole kiko kwenye bunduki, palipo laini ni hapo kooni chini ya chale, "Jina, mama, jina!", anakaribia kulia, kule nje bado wanapiga, sitafuti jina tena, kifuniko cha chupa kimelegea mkononi, mkono wa pili uko mtupu, mguso mmoja unatosha, naupima tu, kutoka begani kwangu mpaka kwenye ile shingo iliyolowa...