Msomaji wa Jumapili

...na neno hili nalo nalijua, nalijua kama jina langu, lakini naliboronga makusudi, na Daktari Pruitt, binti anayepima akili za tulioumia vichwa, anaandika, ananichekea, mjanja huyu, kadi yake imejaa maneno ya Kiingereza yasiyosomwa yalivyoandikwa na mimi nayaweza yote, si ndiyo mtego wenyewe, nikisoma vizuri ataandika Ardis Tveit kapona, arudi kuendesha basi la shule, watoto wa watu nyuma yangu na mimi sijui nyumbani kwa akina Lund, ninakowashusha watoto wao, ni kushoto au kulia... tangu gari letu liteleze kwenye barafu kichwa kikapiga kioo, kanisani wamenirudisha kusoma masomo ya Jumapili, nayapita majina ya wafalme wa Agano la Kale bila kukwama, halafu chini ukumbini, kwenye kahawa na keki, mume wangu Orrin anawaambia, "Si mmemsikia wenyewe, huyu mzima, anadeka tu," wanacheka, nami nimeshika kikombe, sikumbuki hata neno moja la nilichosoma, mdomo unajiendea wenyewe, nani ataniamini... "Bi Ardis," daktari anasema, taratibu, kuna kitu anajua huyu, "hili umelikosea, na gumu kuliko hili umelipatia. Kadi hii haipimi ulivyo leo. Kusoma hivi mara nyingi hubaki hata kichwa kikiumia. Inanionyesha ulikuwaje kabla ya ajali, ndipo nijue umepoteza kiasi gani." Uongo, ndivyo wanavyosema wakitaka ulegee... lakini mbona kalamu kaiweka chini, mbona hanichekei tena... basi kila neno nililoliharibu nimemharibu yule, Ardis aliyeendesha basi kwenye theluji asubuhi kungali giza, akiwajua watoto wote kwa sauti zao, nimemfanya mjinga, ili waje waseme hakuna kilichopotea, alikuwa hivihivi tangu zamani, na Orrin atasema si niliwaambia... yule ndiye shahidi wangu pekee, nimemlilia tangu ajali, na leo nilikuwa namzika kwa mdomo wangu... kadi iko palepale mezani, kidole changu kwenye neno lilelile, simwamini huyu daktari, bado simwamini hata kidogo, lakini namwambia, "Naomba nianze upya," na ninasoma, ninasoma vizuri, kwa sauti ya kanisani, na kila neno ninalolipatia linaniuma.