Masaa ya Kumwosha Mama

Chuo kina akili zake. Ukimwosha mama wa jirani, umejitolea. Ukimwosha mama mkwe wako, hujafanya kitu. Ndivyo kanuni ilivyosema, na Fundi aliisoma mara ya pili akidhani macho yanamdanganya. Bila krediti za kujitolea, zinazohesabiwa kwa masaa, hakuna cheti cha ustawi wa jamii, na bila cheti, ile kazi aliyoahidiwa kwenye kituo cha afya ingekwenda kwa mwingine.

Mtaa mzima ulimwita mwanamke huyu Fundi kwa sababu ya cherehani yake iliyokaa sebuleni, karibu na dirisha. Mchana alishona sare za shule, jioni alikwenda darasani. Wenzake walipokuwa wakipanda miti na kuwafundisha watoto kusoma ili wapate krediti, yeye alikuwa chumba cha nyuma akimgeuza mama mkwe ubavu asije akapata vidonda, akimkanda mkono uliolala tangu kiharusi, akimlisha uji kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. Masaa aliyafanya, tena ya kumwaga. Kosa lake ni kwamba aliyafanya nyumbani.

Akaenda kumwona mwalimu anayesimamia mambo ya kujitolea, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Saa Kamili, maana dakika moja ikipungua kwake ni dhambi. Ajabu ni kwamba mtu yule alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mumeo yuko wapi?" akauliza.

"Aliniacha, mwalimu. Ameoa mji mwingine."

"Alikuacha kwa maneno au kwa talaka?"

"Kwa talaka. Hati ninayo."

Saa Kamili akavua miwani. "Sasa unajitesa nini? Kama kuna talaka, huyo mama si mkwe wako tena. Ni mzee tu unayemhudumia. Nitakuja nimuulize mwenyewe. Akisema hamna undugu, napiga muhuri hapohapo."

Fundi alitoka pale na furaha nusu. Nusu ya pili ilikuwa hofu, kwa sababu katika nyumba ile neno talaka halikuwahi kutamkwa. Mama mkwe alijua, mtaa ulijua, nadhani hata paka wa jirani alijua. Lakini wao wawili walisema "yuko safarini," wakaendelea na uji wao. Mama aliona haya kwa aliyoyafanya mwanawe. Fundi naye aliogopa kwamba siku neno lile likitoka, itabidi mmoja amuulize mwenzake: sasa wewe unafanya nini hapa? Yeye hakuwa na pengine pa kupaita kwao, na mama hakuwa na mwingine wa kumgeuza ubavu. Tena walipendana, tusizunguke mbuyu, ila hakuna aliyewahi kulisema hilo pia.

Asubuhi ya siku ya mwalimu, akiwa anamfuta mgongo, Fundi alipiga moyo konde.

"Mama, leo mwalimu wangu anakuja. Atakuuliza maswali mawili matatu."

"Maswali gani tena? Mimi shule nilipita nje."

"Ya chuo tu, mama."

"Basi nivalishe lile gauni la bluu. Asije akasema hunitunzi."

Fundi akalichukua gauni. Mtu anavaa gauni lake zuri ili wewe usiaibike, halafu umwambie nini? Kwamba leo akukane, na wewe umkane? Akamfunga vifungo, akampaka mafuta, akamchana nywele.

Saa Kamili alifika kwa pikipiki yake kuukuu. Akaamkia, akavuta kigoda mpaka kando ya kitanda, akatoa kalamu. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Bibi, huyu anayekuhudumia ni nani wako? Nikuambie wazi: kama ni ndugu au mkwe, kazi yake yote ya hapa haihesabiki, na cheti mwaka huu hapati. Kama si ndugu, anapata."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Mama mkwe akageuza kichwa polepole, akamtazama. Alimtazama muda mrefu. Pale pale Fundi akajua kwamba cheti chenyewe hakitaki, si kwa bei hii.

"Mwalimu, tuache tu," akasema. "Nitarudia mwa—"

"Nyamaza, dada!" mama mkwe akamkata.

Dada. Alimwita kama mtu anavyomwita msichana wa kazi aliyeingia jana.

"Undugu utoke wapi?" mama akaendelea. "Alikuwa mke wa mwanangu. Mwanangu akampa talaka, akaenda zake." Neno lile alilitamka waziwazi kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, wala hakupepesa macho. "Tangu hapo yeye si wangu, mimi si wake. Ananiosha, ananilisha, basi."

"Anakuhudumia vizuri?"

"Vizuri wapi! Ananisugua kama sufuria. Chai ananipa haina sukari, eti daktari kakataza. Angekuwa ndugu yangu si angenionea huruma?"

Fundi hakujua acheke au alie, akageukia ukuta akafanya yote mawili. Saa Kamili aliandika, akapiga muhuri, akafunga mkoba.

"Nashukuru sana, bibi."

"Usiniite bibi, baba. Watasema na wewe ni ndugu, wakukate mshahara."

Mwalimu akatoka anacheka. Nje, pikipiki ikagoma kuwaka. Walimsikia akiipiga teke, ikikohoa, ikizima. Fundi akaweka kikombe chini, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Ma—"

Mkono ule mzima ukamziba mdomo. "Sss! Bado yupo!"

Wakangoja. Pikipiki ilikohoa tena, ikazima tena. Machozi ya Fundi yalishuka juu ya vidole vya mama, na mama naye yalikuwa yanamtoka, ila upande ule uliokufa ganzi hakuyasikia, kwa hiyo hakuyafuta. Hatimaye mashine ikanguruma, ikakata kona, ikapotea mtaa wa pili.

"Ameenda?"

Fundi akatikisa kichwa kukubali. Mama mkwe akaondoa mkono.

"Haya, sema sasa."

"Mama."

"Naam, mwanangu. Sema tena. Lile nililosema limeniuma."

"Mama," akasema Fundi. "Mama. Mama."