Fungu la Macho

Wivu wa Warigia ulikuwa na sababu, na mtu asije akamwambia ati aombe tu. Yeye ndiye aliyemwogesha mama kila asubuhi pale nyumbani, mtaani Kimbo, akamnywesha uji, akamfunga kitambaa kichwani. Lynn, dada yake mkubwa, alikaa Thika, akifanya kazi kiwandani, na alikuja Jumapili mojamoja. Na bado akifika getini tu akipaza ile sauti yake, "Mum, sasa!", mama anachangamka mwili mzima. "Lynn wangu!"

Warigia je? Alipewa jina la nyanya mzaa mama, kwa hivyo tangu utotoni mama alimwita Maitu, yaani mama yangu. Halafu miezi miwili iliyopita, Warigia akimfunga kitambaa, mama alimtazama usoni akamwuliza, "Na wewe ni nani?"

Aii! Warigia hakujibu. Alinuna, na tangu siku hiyo akamhudumia mama kwa mikono tu, mdomo kufuli. Kama hanijui, niongee na nani? Alitaka kitu kimoja: aitwe Maitu tena, hata mara moja, na Lynn awepo asikie.

Jumanne Lynn akaja, wakampeleka mama hospitali moja Thika kuchukua majibu ya utafiti wa ubongo aliofanyiwa. Lynn aliongea njia nzima. Warigia alitazama dirishani, roho ikimchoma.

Mtafiti, kijana mpole aitwaye Mumo, akawageuzia kompyuta. Waliifundisha kwa picha za ubongo za wagonjwa wengi wa usahaulifu, akasema, nayo ikawagawa mafungu yenyewe. Kuna wanaoanza kupoteza kumbukumbu, kuna wanaoanza kupoteza maneno.

"Shosho huyu, mama yenu, kompyuta imemweka fungu la tatu, la macho. Macho yenyewe ni mazima, lakini ubongo hauelewi yanachoona. Anaona uso, asijue ni wa nani. Bado ni utafiti, daktari wake ndiye atakayekata neno. Lakini kumbukumbu yake kwa sasa si mbaya."

"Si mbaya?" Warigia aliruka kutoka kitini. "Si mbaya na amenisahau mimi? Huyu Lynn anakuja na ndizi mbili na kelele, anaitwa kwa jina! Mimi ninayemwosha mpaka vidole vya miguu ni mtu wa barabarani? Amenishinda na nini?"

Mama akageuza kichwa kuifuata sauti. "Maitu?"

Lynn naye akamgeukia Warigia.

"Maitu, ni wewe! Ngai! Ulienda wapi bila kuniaga?" Alipapasa mpaka akaupata mkono wa Warigia, akaushika kwa nguvu.

Warigia akamtupia Lynn jicho. Umesikia? Raha ilimjaa kifuani mpaka akaona haya kidogo, lakini hakuiacha.

"Afadhali umerudi," mama akasema, akishusha sauti. "Kuna mama mmoja waliniletea nyumbani. Ananiogesha vizuri, lakini hasemi na mimi hata neno moja. Asubuhi nikisikia mlango ukifunguliwa naogopa. Hebu niulizie, nilimkosea nini?"

Lynn akainamisha uso. Warigia alifungua mdomo, na sauti ikakataa kutoka.

Mama alingoja. Akaukazia macho ule uso uliokuwa mbele yake, akaukagua, kisha akauachilia mkono polepole.

"Maitu? Umeenda tena?"