Shati Ambalo Dobi Hakulifua

Mimi ni dobi, na dobi asiye na pua ni sawa na kinyozi asiye na macho. Watu hudhani kazi hii ni mikono na sabuni. Sabuni hata mtoto anaijua. Nguo unainusa kabla ya kuiloweka, kisha unainusa tena ikishakauka, kola kwanza halafu kwapa, maana kwapa halijui kudanganya. Ikiwa bado ina uvundo, inarudi majini. Ndivyo mama alivyonifundisha, na ndivyo nilivyofanya mpaka korona ilipoingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi.

Ilianza na mume wangu. Alikuwa seremala, mtu wa kurudi jioni na vumbi la mbao hadi kwenye kope. Alikohoa, akaishiwa pumzi, watu wa hospitali wakaja kumchukua. Mlangoni alivua shati la kazi akavaa la heshima, eti haendi kwa madaktari akiwa kama gogo. Lile la kazi akalitupia kwenye kapu langu, akasema, "Utanifulia nikirudi." Hakurudi. Nami nilikuwa kitandani na homa, sikumwona tena wala sikumzika. Nilipewa habari kwa simu.

Nilipopata nguvu ya kusimama, nililitoa shati kapuni nikauzika uso wangu ndani yake. Sikusikia kitu. Si jasho, si mbao, si gundi. Nikadhani ni huzuni. Nikaenda jikoni nikanusa vitunguu, nikanusa mafuta ya taa, yote yakawa maji tu.

Muuguzi aliyekuwa akinitembelea alisema ugonjwa huu huondoka na pua za watu. "Itarudi. Kwa wengine wiki, kwa wengine miezi. Vuta subira." Nikavuta. Nilibaki na kitu kimoja tu cha kungojea duniani: siku nitakayolinusa shati lile nimpate mume wangu walau mara moja, tuagane.

Kazi haikunisubiri. Mvua zilianza, nguo zikawa zinakauka ndani, na mwalimu mmoja akanirudishia mashuka yake. "Dobi, haya umeyafua au umeyaongopea?" Niliyapokea nikayaloweka upya, maana mwenyewe sikujua. Ndipo wifi yangu, dada yake marehemu, akaja kukaa nami. Sisi wawili hatukuwahi kupikika chungu kimoja. Tangu niolewe nilikuwa nikimtania kwamba pua yake huingia chumbani, halafu yeye anafuata. Siku hiyo aliketi kwenye kigoda karibu na pasi ya mkaa, akasema, "Leta hizo nguo. Pua uliyokuwa ukiicheka ndiyo itakayokulisha."

Basi mimi nafua, yeye ananusa. Na kila asubuhi, kabla ya nguo za watu, tulianza na shati. Nalitoa kwenye mfuko wa nailoni, ananusa yeye kwanza.

"Yupo?"

"Yupo," anasema.

Halafu nanusa mimi. Hewa tupu. Lakini moyo unatulia, maana yupo, ananingoja.

Kisha nalitundika kwenye kamba ya ndani, karibu na dirisha, mpaka jioni. Dobi gani asiyejua kwamba nguo yenye jasho ukiifungia kwenye nailoni inaota ukungu? Sikutaka ukungu umguse. Mara ya kwanza wifi aliuliza, "Si ungeliacha tu mfukoni?" Nikamjibu, "Wewe shughulika na pua, nguo niachie mimi." Akaniachia.

Mvua zikaisha. Asubuhi moja nikiwa napiga pasi, nikiwaza yangu, kitu kikanichoma puani. Harufu ya kuungua. Nilikuwa nimeisahau pasi juu ya suruali ya mteja. Nilisimama pale nikiitazama ikiungua huku nacheka, mpaka wifi akaja akainyakua pasi.

"Umerukwa na akili?"

"Nasikia harufu, wifi. Nasikia."

Sikuona furaha usoni mwake. "Pua bado changa hiyo," akasema. "Usiiharakishe. Subiri hata kesho."

Lakini nilishafika kwenye kamba. Nilinusa kola. Nikanusa kwapa la kulia, kisha la kushoto. Nilinusa kama ninavyonusa nguo ya mteja, kwa utaratibu, bila pupa. Nikasikia mkaa na sabuni, harufu ya chumba changu cha kazi. Uvundo hakuna. Jasho hakuna. Kwa kipimo changu cha miaka yote, lile lilikuwa shati safi, la kukunjwa na kupelekwa kwa mwenyewe.

"Tangu lini?" nikauliza.

Wifi alikuwa ameikumbatia ile suruali iliyoungua. "Kabla mvua hazijaisha."

"Na kila siku unaniambia yupo."

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ndefu, na aliitembea kila asubuhi mbele ya macho yangu.

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unaamka kwa ajili ya neno hilo moja. Ningekunyima, usingeamka." Akajifuta macho kwa mguu wa suruali. "Halafu na mimi nilikuwa namtafuta. Ni kaka yangu. Kila siku nanusa, nasema labda leo."

Maneno makali ninayo, sijawahi kuyakosa. Lakini mikono yangu ndiyo iliyomtundika dirishani siku baada ya siku, upepo ukamchukua kidogo kidogo. Nililia, nikakaa sakafuni, naye akakaa kando yangu.

Baadaye nikamuuliza, "Siku ya kwanza ulipolinusa, lilikuwaje? Niambie vizuri."

Alifikiri. Yeye si mtu wa maneno mengi. "Mbao," akasema. "Gundi kidogo. Na jasho lake lile la kichwani, alilokuwa nalo tangu tukiwa wadogo tunalala kitanda kimoja." Akaongeza, "Alinukia kama mtu aliyetoka kazini, wifi. Kama mtu ambaye ndiyo kwanza anaingia mlangoni."

Kesho yake asubuhi, kabla ya nguo za watu, nilimwomba arudie.