Miguu ya Figili

Shiori alikuwa na miaka kumi na mitano, na kwa muda mrefu alikuwa hajakanyaga bafu la mtaa. Zamani, hapo Beppu kwao, mji wa Japani wenye chemchemi za maji moto, alikuwa akienda na bibi yake kila jioni, wakivua nguo na kuingia kwenye maji ya moto pamoja na wanawake wengine bila kuwaza lolote. Kisha siku moja darasani Reika, msichana mwembamba ambaye wenzake wote walimwonea wivu, akamtazama miguu akacheka: "Jamani, figili nene hizi zimevunwa wapi?" Tangu hapo Shiori alioga nyumbani, na chakula cha jioni akawa anakidonoadonoa tu.

Jumamosi moja mtambo wa kuchemshia maji nyumbani ukaharibika.

"Twende," alisema Bibi Fusae, beseni mkononi. "Au unataka kunuka mpaka fundi aje?"

"Bibi, watanitazama."

"Akutazame nani? Kila mtu kule ana tumbo lake la kumshughulisha."

Shiori alivua nguo akiwa ameugeukia ukuta, akajiziba kwa kitaulo. Alipoingia tu akamwona Reika majini, peke yake, maji yakimfika shingoni. Wakatazamana. Shiori akakaa kwenye kigoda, akajisugua polepole, akiomba mwenzake atoke.

Reika akainuka kweli. Mbavu zake zilihesabika. Akapiga hatua moja nje ya maji, uso ukampauka, akayumba. Shiori akatupa kitaulo, akamdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu, akambeba hadi chumba cha kuvalia.

"Umekula nini leo, mwanangu?" Bibi Fusae alimuuliza huku akimpepea.

"Chai."

"Na jana?"

Reika akageuza uso. Bibi hakumhubiria; alimfunika taulo, akaenda kununua maziwa baridi.

Wasichana wakabaki kwenye benchi.

"Yale ya figili," Reika alianza, "mama huniambia mimi kila nikivaa sketi. Nikakutupia wewe."

"Yaliniuma sana."

"Najua. Nisamehe."

"Sijui kama nimeshakusamehe," Shiori alisema. Bibi alikuwa amerudi na chupa. "Ila maziwa kunywa."

Reika alikunywa nusu, akapumzika, akaendelea.

Jumatatu alimfuata Shiori shuleni, akamwomba amsindikize kwa muuguzi, maana peke yake asingeweza kuingia. Walikwenda. Reika alikaa mle ndani muda mrefu. Kengele ya hesabu ililia, wenzao wakaingia darasani, na Shiori akabaki koridoni akimngoja.