Marietha Ndani ya Kihenge

Mwaka tuliohamia kijiji kipya, huku upande wa Sepuka, wifi yangu Marietha alikuwa na redio kaseti mbili na hana mahali pa kuimbia.

Moja ilikuwa yake, aliipata kwa vitunguu. Ya pili aliazimwa na Andrea, dereva wa lori aliyekuwa akipita kuchukua mazao. Andrea alimwambia, "Dada Marietha, wewe nijazie kaseti nzima, pande zote mbili. Nitaipiga njiani mpaka Shelui, na pale kwenye hoteli ya chai naiacha kabisa, madereva wote waisikie. Lakini iwe imejaa. Kaseti nusu ni aibu."

Basi ikawa hivyo. Kaseti ijae. Wifi yangu hakuwa na neno lingine, hata ukimwomba chumvi anakujibu habari za kaseti.

Alijaribu kurekodi chumbani, mbuzi wakaimba pamoja naye. Alijaribu nje, kwenye mawe makubwa, lakini upepo wa kwetu mnaujua. Ndani ya kaseti unasikika kama mtu anachana shuka. Mpaka siku moja mzee Mathayo, baba yake, ambaye ni mkwe wangu, akamtuma aingie kwenye kihenge kufagia makapi ya mtama tuliohamia nao. Kile kihenge kilikuwa kikubwa kuliko vyote hapo kijijini, kimesukwa kwa fito na kukandikwa udongo na samadi ndani na nje, laini kama chungu. Unapanda gogo lenye vidato, unafunua mfuniko wa juu, unashukia ndani. Marietha alikuwa anafagia huku anajiimbia polepole. Mara nikasikia ananiita.

"Wifi! Wifi Dorkas! Njoo usikie sauti yangu imenenepa!"

Nikapanda, nikaingiza kichwa. Kweli. Mle ndani sauti ilikuwa inazunguka na kumrudia mwenyewe, nzito, tamu, kama ametiwa siagi kooni.

Tangu siku hiyo kihenge kikawa chake. Alikuwa anatunga mwenyewe, anaimba mwenyewe, ngoma anapiga kwenye debe, manyanga ni mbegu za mtama ndani ya kibuyu. Kwanza anarekodi sauti moja. Halafu redio hiyo anaifungulia, yeye anaimba sauti ya pili juu yake, na redio nyingine inazinywa zote mbili. Halafu ya tatu, halafu ya nne. Sauti ya kwanza ilikuwa inazidi kurudi nyuma, kama mtu anayekuitikia kutoka ng'ambo ya korongo, na mimi ndiyo niliyokuwa naipenda. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya paa la tembe, pembeni ya mlenda, zikipata moto zinafufuka kidogo.

Nyimbo zikawa zinaongezeka. Ukabaki mmoja tu. Na mtama ukakomaa.

Mtama wa mwaka ule, acheni tu! Mashuke yalikuwa yameinama kwa uzito. Kila mtu alifurahi isipokuwa wifi yangu, kwa sababu kihenge kikijaa, atasubiri mpaka mwaka mwingine kitakapokuwa kitupu.

"Baba, umebaki wimbo mmoja," akamwambia mzee.

"Mtama nao umebaki kupurwa," mzee akajibu. "Tukimaliza kupura, nakijaza kihenge. Nikikukuta humo, nakumwagia humohumo, utaimba ukiwa umefunikwa."

Akasema hivyo bila hata kutabasamu. Mzee Mathayo utani wake hukuweza kuujua mpaka umeshapita.

Siku ya mwisho ya kupura, fimbo ziliponyamaza na watu wakaanza kupepeta, Marietha akachukua betri zenye moto kutoka juu ya paa, akaingia kihengeni. Ilikuwa imebaki sauti ya nne ya wimbo wake wa kuhamia kijijini. Wimbo wenyewe unasema, "Tumefika jamani, tupokeeni mizigo, tumefika na vyungu vyetu." Aliniweka chini nifukuze kuku, akaniambia nisitoe neno hata moja.

Nimesimama pale, huyo anakuja balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Kefa, fimbo mkononi. Siku zile mgeni akilala kwako bila balozi kujua, ulikuwa na maneno ya kujibu. Akasimama. Akasikiliza. Wanawake wanne wanaimba ndani ya kihenge kwamba wamefika na vyungu vyao.

Nikapiga goti kumwamkia kimyakimya, nikaweka kidole mdomoni. Nilikuwa namwomba anyamaze. Yeye akaona namficha kitu.

"Ahaa!" akasema. Akaupiga mgongo wa kihenge kwa fimbo, pu! pu! "Humo ndani mko wangapi? Shukeni mmoja mmoja!"

Kuimba kukakatika. Mfuniko ukainuka, kichwa cha Marietha kikatokea, makapi yamejaa kwenye nywele.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Shuka, na wenzako wafuate."

"Wenzangu ni mimi."

"Usinifanye mtoto, Marietha. Nimewasikia kwa masikio yangu. Kuna mmoja ana sauti nene, huyo si wa hapa."

"Huyo nene ni mimi wa jana."

Mimi nimeshakaa chini kwa kicheko. Marietha akashuka na redio, balozi akapanda gogo mwenyewe, akaingiza kichwa, akakaa nacho humo muda mrefu. Alipokitoa alikuwa mpole kidogo. "Sasa wamepitia wapi?"

Marietha machozi yalikuwa yanamlengalenga. Betri zilikuwa zinakwisha, na mzee Mathayo anakuja na kapu la kwanza la mtama begani. Marietha akarudisha kaseti nyuma, akaifungulia ili asikie hasara yake. Wote tukasikiliza. "Tumefika na vyungu vyetu," wakaimba wale wanawake, na papo hapo, pu! pu! "Humo ndani mko wangapi? Shukeni mmoja mmoja!"

Mzee Mathayo akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Balozi mwenyewe akasogea karibu na redio.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, balozi."

"Rudisha tena." Akarudishiwa. "Mbona nina sauti nzuri!"

Nikamwona Marietha anafuta macho, midomo inacheza, anatafuta maneno ya wimbo. Akamgeukia baba yake. Mzee akashusha kapu chini.

"Malizia basi," akasema. "Mtama haujaota miguu."

Marietha akarudi ndani mbio. Tukasikia redio inabonyezwa, na kutoka palepale balozi alipoulizia, akamjibu kwa wimbo: tuko wengi balozi, tuko wengi, tuandike sote, jina letu Marietha. Akaimba mpaka kaseti ikagota yenyewe, tak.

Mtama ukaingia kihengeni jioni ileile, ukajaa mpaka mfuniko haufungi.

Andrea aliichukua kaseti. Aliporudi alituambia kule Shelui madereva wanauliza, hao akina mama wako wangapi, na huyo mzee mkali analipwa na nani. Balozi Kefa akawa anapita nyumba kwa nyumba akisema "mimi na Marietha tumetoa kaseti."

Lakini mimi namkumbuka zaidi mkwe wangu. Mwaka uliofuata, mtama ukiwa bado umefika kiunoni mle ndani, tunakula ugali wa jioni, akaona watoto wanasitasita kwenye sinia.

"Kuleni, kuleni, ongezeni," akasema, uso mkavu vilevile. "Kihenge kiishe, mwenzenu anataka kuimba."